Baroni wa Nane wa Corvemoor na Tarehe Fulani ya Juni

Ndugu, jamaa na majirani, tumekusanyika leo Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, kumzika Ambrose Hugh Stackley, Baroni wa nane wa Corvemoor. Mimi ni Crispin, mwanawe mkubwa, na ni yeye mwenyewe aliyeagiza kwamba nimsomee wasifu. Mnazo karatasi za ibada mikononi. Yote yaliyochapwa humo ni kweli isipokuwa tarehe moja katika ukurasa wa pili. Watu ninaowapenda wameniomba niipite kimya kimya. Nimejaribu juma zima na nimeshindwa. Nikiifikia nitawaambia, na mwenye kalamu ataisahihisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1931 katika nyumba kubwa ya Corvemoor, kwenye chumba cha juu kinachotazama mto, akiwa mtoto pekee wa Baroni wa saba, Everard, na mkewe Sybil. Katika ukoo wetu mtoto wa kiume wa kwanza huzaliwa na namba yake tayari. Ya Baba ilikuwa nane. Mimi nililelewa nikijua kwamba yangu ni tisa.

Namba moja alikuwa Obadiah Stackley, mfanyabiashara wa vitambaa aliyewavisha askari makoti, na mwaka 1762 mfalme akampa jina la Baroni pamoja na hati yenye muhuri wa nta mkubwa kama sahani. Wa pili alivunjika shingo akiwinda mbweha. Wa tatu aliandika mahubiri arobaini ingawa hakuwa padre na hakuna aliyemwomba. Wa nne ndiye aliyejenga ule mnara wa kilimani akasahau kuuwekea ngazi, na mpaka leo hakuna aliyefika juu yake ila kunguru. Wa tano alijaliwa mabinti sita na hakupata mtoto wa kiume. Alipofariki mwaka 1904, jina na nyumba vilimwendea mtoto wa ndugu yake, na mabinti wale sita wakaondoka kwa magari matatu ya farasi pamoja na mbwa wao. Baba alimsimulia kila mgeni habari hiyo, na alikuwa akicheka hasa anapofika kwenye mbwa. Nami nilikuwa nacheka.

Huyo mtoto wa ndugu, Baroni wa sita, aliandika hati nyingine mwaka 1911 kwamba nyumba na mashamba yote yamfuate daima mwenye jina. Naomba muikumbuke hati hiyo. Wa saba, babu yangu Everard, hakufanya jambo lolote la kukumbukwa, na Baba alimsifu sana kwa hilo.

Marehemu alipelekwa shule ya bweni Worcestershire akiwa na miaka minane. Barua yake ya kwanza nyumbani ipo hadi leo. Hakuuliza habari za baba wala mama, aliuliza kama jibwa lake Trumper linakula vizuri. Baadaye alisoma historia Oxford na kutoka na daraja la chini kabisa linalohesabika kuwa amefaulu, kisha akatumikia jeshi miaka miwili kisiwani Malta. Alirudi na ngozi iliyoungua kwa jua na, kama tutakavyosikia, mchumba.

Mwaka 1959 babu alifariki ghafla, na Baba akaurithi ubaroni akiwa na miaka ishirini na saba. Alikuta paa linavuja na kondoo mia tatu wenye ugonjwa wa kwato. Paa aliliacha. Kondoo aliwatibu mmoja mmoja kwa mkono wake. Wapangaji wa mashamba walikuja kumwona wakidhani ni mchezo wa siku moja, wakamkuta tena kesho yake na kesho kutwa. Mzee Gwilym Beddoes, ambaye familia yake imepanga shamba la bondeni tangu enzi za baroni wa tatu, amenikumbusha juzi: "Baba yako alikuwa anamshika kondoo kama anayemwomba radhi."

Wapo hapa wanaoikumbuka theluji ya mwaka 1982. Wana-kondoo walikuwa wanazaliwa na kugandia malishoni. Baba alifungua milango ya chumba cha kulia, tukawaingiza sitini, juu ya zulia la Uajemi na kila mahali. Mmoja alikuwa mdogo mno, hana hata nguvu ya kunyonya. Baba akaenda kabatini, akatoa taji la ukoo, lile lenye mipira sita ya fedha ambalo mabaroni hulivaa mfalme mpya anapotawazwa. Akalipindua, akamlaza mwana-kondoo ndani yake juu ya manyoya, akaliweka karibu na jiko. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikamuuliza, "Baba, taji?" Akaniambia, "Tangu mwaka wa hamsini na tatu halijafanya kazi yoyote. Shika chupa." Yule mwana-kondoo alipona. Aling'oa mpira wa sita kwa meno, na tangu hapo umeunganishwa kwa gundi. Siku ile nilimpenda baba yangu kuliko mtu yeyote duniani, na nawaambia hili sasa kwa sababu yanayokuja hayajalifuta, ingawa ningependa yawe yamelifuta.

Kila mwaka, tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Mikaeli, tulikula bata bukini aliyeokwa, na kabla ya bata kukatwa hati ya mfalme ililetwa mezani. Kazi ya kuisoma ilikuwa yangu. Nilianza nikiwa na miaka sita, nimesimama juu ya kiti. Mfalme anampa Obadiah jina la Baroni Corvemoor, yeye na "warithi wa kiume wa mwili wake, waliozaliwa katika ndoa halali." Nilikuwa nikilikimbilia neno la mwisho kwa sababu ya njaa, na Baba akinirudisha: "Taratibu, Crispin. Kila neno lina kazi yake."

Mdogo wangu Lionel alikuwa akiomba naye asome. Baba alimwambia, "Kaa chini, haya hayakuhusu." Na Mama, nilipokaribia mwisho, aliinuka kwenda jikoni kutazama pudini. Kila mwaka pudini ilikuwa inataka kuungua nilipofika mstari uleule.

Kwa ubaroni wake Marehemu alikaa katika Bunge la Malodi kwa miaka arobaini na kuhutubia mara nne, tatu juu ya kondoo na moja juu ya daraja. Mwaka 1999 malodi wa kurithi karibu wote waliondolewa, na Baba akiwa miongoni mwao. Alirudi na treni ya mchana. Nilimpokea stesheni ya Ludlow. Alikuwa na kikapu chenye vitu vyake vyote vya miaka arobaini, vikiwemo kikombe na viatu vya ndani. Ndani ya gari alinishika mkono, jambo asilolizoea, akasema, "Wamekunyang'anya kiti chako, mwanangu. Wamekunyang'anya bila hata kukutazama usoni." Nilimfariji njia nzima. Nilimwambia sikitaki hicho kiti, nataka shamba tu. Akageukia dirishani hadi nyumbani. Nilidhani ni huzuni.

Sasa ndoa. Karatasi zenu zinasema kwamba Marehemu alimwoa Rosamund Tarrant, binti wa daktari wa mifugo wa Ludlow, tarehe 14 Juni 1964. Mwenye kalamu aandike 1965.

Mimi nilizaliwa tarehe 2 Aprili 1965.

Nawaona wengine mnahesabu kwa vidole. Msijisumbue, ni wiki kumi na siku tatu. Yule mchumba wa Malta, Daphne, alikuwa amefunga ndoa na Baba mwaka 1957, wakaachana kwa ugomvi mwaka wa tatu, na mahakama haikumaliza talaka yao mpaka Mei 1965. Mimi sikuwa na subira ya kuingoja mahakama. Katika nchi yetu, wazazi wakioana baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto anakuwa halali kwa kila jambo: urithi wa kawaida, jina la ukoo, mapenzi ya watu. Jambo moja tu linabaki nje, nalo ni ubaroni. Hati inasema waliozaliwa katika ndoa. Nimeyasoma maneno hayo kwa sauti, nimesimama na nimekaa, mara hamsini na nne.

Nilijuaje? Siku iliyofuata kifo nilikwenda kwa wakili wetu, Bwana Threlfall, tuandae karatasi za kupeleka London ili jina langu liingizwe katika orodha ya malodi. Akaomba cheti cha ndoa ya wazazi na cheti changu kirefu cha kuzaliwa. Mimi siku zote nimetumia kile kifupi, chenye jina na tarehe tu, kwa sababu Baba alisema kile kirefu kiliungua. Vyeti vikaagizwa upya. Vilipofika, Bwana Threlfall aliviweka mezani kimoja kando ya kingine, akavitazama, akavigeuza vinielekee kwa kidole kimoja.

"Mheshimiwa," akasema, "una ndugu wa kiume?"

"Ninaye, Lionel."

"Alizaliwa lini?"

"Agosti sitini na nane."

Akavua miwani. "Nadhani itabidi tumpigie simu."

Nilimuuliza kama kulikuwa na njia yoyote ya kuinusuru nyumba na mashamba, kwa sababu ile hati ya mwaka 1911 inavipeleka kwa mwenye jina, na mimi nimelima na kufuga pale miaka thelathini na saba. Niliacha chuo nikaja. Mke wangu Hester amepanda kila mti wa tofaa ulioko nyuma ya zizi. Bwana Threlfall akanijibu kwa upole kwamba njia ilikuwepo. Hati ile ingeweza kuvunjwa siku yoyote kwa sahihi mbili, ya baroni na ya mrithi wake wa kweli akishatimiza miaka ishirini na moja. Kwa hiyo tangu mwaka 1989 sahihi mbili zingetosha. Lakini ili Lionel atie sahihi kama mrithi, ingebidi niambiwe kwamba mrithi si mimi. Baba aliona ni rahisi zaidi nisiambiwe.

Nilimkuta Mama jikoni anamenya viazi. Anajua kwamba nayasimulia haya, yuko hapa mbele, na ameniambia, "Sema, mimi nina miaka themanini na sita, watanifanya nini?" Nilimuuliza, "Mama, ulijua?"

"Nilikuwepo, mwanangu," akasema. "Na wewe ulikuwepo, ndani ya kikapu. Ulilia karani wa ndoa alipokuwa akisoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba yako alisema atakuambia ukifika miaka ishirini na moja. Ukafika, ukaja kumsaidia shamba, akasema tungoje kwanza kondoo wazae." Akachukua kiazi kingine. "Kondoo wanazaa kila mwaka, Crispin."

Mwaka 2014 tuliwafanyia sherehe ya miaka hamsini ya ndoa, wengi wenu mlikula keki. Mama alishika kisu akasema, "Si tungengoja mwaka mmoja zaidi?" Tukacheka wote. Baba ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lionel alikuja kutoka Bristol, anakouza bima. Alikaa garini muda mrefu kabla ya kushuka. "Kaka, sikuliomba hili," akasema. Nikamwambia najua. Kisha nikamuuliza alijua lini, na mdogo wangu, ambaye hajui kusema uongo uso kwa uso, akatazama viatu vyake. Baba alimwambia mwezi Oktoba.

"Alikuambia wewe?"

"Alisema nawe atakuambia."

"Na miezi minne ulikuwa unanipigia simu kila Jumapili tunaongea habari za mpira."

"Ningesema nini, kaka?"

Kwa hiyo tulikuwa wanne katika familia hii na watatu walijua. Lionel alipendekeza tuwaambie watu kwamba mimi nimeukataa ubaroni kwa hiari yangu, kwa sababu za siasa. Nikamkumbusha kwamba kwa sheria lodi akiukataa, jina linalala mpaka afe, haliendi kwa mdogo wake. Yaani ni mimi mwenyewe niliyekuwa namfundisha mdogo wangu namna ya kunisingizia vizuri. Ndipo akaniomba basi niisome ile tarehe ya zamani, watu wajijazie wenyewe. Hapo nikakataa. Nyumba aichukue na jina alichukue, ni lake kwa haki. Lakini ningesoma 1964, ningekuwa mtu wa nne kuniongopea mimi.

Turudi kwa Marehemu, ambaye siku hii ni yake. Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2022, miguu ikajaa maji, na mwaka uliofuata kitanda chake kikateremshwa kwenye chumba cha kulia. Nilimnyoa kila asubuhi. Nilimsomea daftari la kondoo, nani kazaa na nani bado, na alinisahihisha majina yao. Mwezi Novemba mwaka jana aliniita niandike utaratibu wa maziko yake. Alitamka taratibu, nami nikaandika kwa mkono wangu huu. Nyimbo mbili. Hakuna maua ya dukani. Kisha akasema, "Mwanangu mkubwa asome wasifu." Nikaandika. "Chini yake weka: mrithi wangu abebe taji."

Nikacheka. "Baba, nitasomaje huku nimebeba taji?"

Alinitazama kwa muda. Nilidhani amechoka. "Utasaidiwa," akasema, akafumba macho.

Mistari miwili, watu wawili. Mimi nilidhani nimepewa kazi mbili.

Nimejiuliza sana kama ile ndiyo ilikuwa namna yake ya kuniambia. Siku nyingine naona ndiyo, kwamba alifika mlangoni akashindwa kubisha. Siku nyingine, kama leo, naona kwamba alikuwa mwoga, na aliniachia nijisomee hukumu yangu kama nilivyojisomea kila Septemba. Baba yangu hakuwahi kumficha mnunuzi hata kwato moja mbovu. Mimi alinificha maisha yangu yote.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa moja na dakika ishirini asubuhi, baada ya kunywa nusu kikombe cha chai. Mama alikuwa upande wa kushoto, mimi kulia. Maneno yake ya mwisho yalianza na swali: "Wangapi?" Nikamwambia wana-kondoo kumi na wanane, na pacha mmoja dhaifu. Akasema, "Mweke jikoni."

Juzi nilikutana na Mzee Beddoes kwenye uzio. Habari ilikuwa imeshafika bondeni, kama habari zote. Akaniambia, "Nasikia wewe si lodi tena."

"Sikuwahi kuwa, mzee."

"Basi kondoo wako hawajaambiwa. Wawili wamekwama kwenye tope kule chini." Akapanda uzio akanitangulia.

Marehemu ameacha mjane, Rosamund, aliyeoana naye tarehe 14 Juni 1965. Ameacha wana wawili, kwa mpangilio tuliokuja nao duniani: Crispin, mkulima, na mkewe Hester, ambao watahama nyumba kubwa ya Corvemoor kondoo wa mwisho akishazaa, na Lionel, Baroni wa tisa wa Corvemoor, na mkewe Verity, na mwana wao Jocelyn, ambaye sasa naye ana namba. Ameacha wapangaji kumi na mmoja, kondoo mia nne na sita, na pacha mmoja aliyeko jikoni karibu na jiko, anaendelea vizuri.

Mungu ampokee Baba, amsamehe kwa niaba yangu mpaka mimi nitakapoweza, na ampe usingizi wa utulivu katika udongo alioupenda.

Mstari wa kwanza wa orodha yake nimeutimiza. Mwenye mstari wa pili ainuke. Njoo, Lionel, taji liko juu ya jeneza. Libebe kwa mikono miwili, usiliinamishe. Mpira wa sita umelegea.